Rangi za nukta kwenye mchoro wa visima: namna ya kuzifanya zibaki na maana moja

Mpimaji_Maweweni, Unguja Kusini

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Nashughulikia vipimo vya visima vya Unguja, vingi vikiwa vya upande wa mashariki na kusini, kwenye nchi ya maweweni ambako udongo ni haba na maji ya mvua huzama moja kwa moja ndani ya mwamba wa matumbawe. Kwa kila chanzo nina longitudo, latitudo, aina yake (kisima cha mkono, kisima cha bomba au pango) na kipimo cha upitishaji umeme wa maji kwa mikrosiemens kwa sentimita, kilichochukuliwa masika na kurudiwa kiangazi. Upitishaji umeme nautumia kama kielelezo cha chumvi, kwa sababu kadiri maji yanavyokuwa na chumvi nyingi ndivyo umeme unavyopita kwa urahisi ndani yake.

Nataka michoro miwili ya nukta ikae ubavu kwa ubavu, kila nukta ikiwa kisima kimoja, na rangi ya nukta ioneshe chumvi. Nimetumia Matplotlib, maktaba ya kuchora michoro katika lugha ya programu ya Python, hivi (`d` ni jedwali langu la vipimo):

```
fig, (a, b) = plt.subplots(1, 2)
a.scatter(d['longitudo'], d['latitudo'], c=d['masika'])
b.scatter(d['longitudo'], d['latitudo'], c=d['kiangazi'])
```

Michoro inatoka, lakini haisemi kweli. Katika mchoro wa masika karibu nukta zote ni za zambarau iliyokoza, isipokuwa moja ya manjano, ambayo ni ya kisima kilicho karibu sana na ufuo. Pili, kipo kisima ambacho kwa mujibu wa jedwali chumvi yake imepanda kiangazi, ilhali kwenye mchoro wa kiangazi rangi yake imeshuka na kuwa ya giza zaidi kuliko ile ya masika. Tatu, nilipojaribu kuweka `c=d['aina']` ili rangi ioneshe aina ya chanzo, programu ilikataa kabisa na kusema kwamba `c` lazima iwe rangi, mfululizo wa rangi au mfululizo wa namba.

Michoro hii itapelekwa kwenye mikutano ya shehia, mbele ya masheha na wanakamati wa maji, na watu watachukua uamuzi kwa kuitazama. Ndiyo maana sitaki kubahatisha rangi. Naomba mnielekeze.

---

Fundi_wa_Nukta, Mjini

Waalaykumu salaam.

Matatizo yako mawili ya mwanzo yana mzizi mmoja, kwa hiyo nitayajibu pamoja, na la tatu nitawaachia wengine.

Unapoipa `c` safu ya namba, Matplotlib haipokei rangi. Inapokea namba ambazo lazima zipitie hatua mbili kabla ya kuwa rangi. Hatua ya kwanza ni kuzigeuza zote ziwe kati ya 0 na 1. Hatua ya pili ni kuichukua namba hiyo na kuitafutia nafasi yake kwenye ramani ya rangi, ambayo kwa kawaida ni `viridis`, inayoanzia zambarau iliyokoza, ikapita buluu na kijani, ikaishia manjano. Wengi hushughulika na hatua ya pili, wakabadilisha ramani moja baada ya nyengine, na hali kosa limo katika ya kwanza.

Tuchukue mfano wa visima vinne vyenye vipimo vya 400, 900, 2,600 na 38,000. Usipotoa maelekezo yoyote, kipimo cha chini kabisa kinakuwa 0, cha juu kabisa kinakuwa 1, na vilivyobaki vinagawiwa kwa mstari ulionyooka. Kisima cha 900 kinaangukia 0.013, na cha 2,600 kinaangukia 0.059. Maana yake ni kwamba maji ya kunywa bila shaka yoyote na maji ambayo mtu atayasikia ulimini yote yamebanwa ndani ya asilimia 6 ya mwanzo ya rangi, na jicho la binadamu haliwezi kuyatenganisha hapo. Sehemu yote iliyobaki imetolewa kwa kisima kimoja cha ufuoni.

Chumvi ya visima vya pwani hutembea kwa kuzidisha, kutoka mamia hadi makumi ya maelfu, kwa hiyo kipimo kinachoifaa ni cha logi (logariti), ambacho kila hatua yake ni ya kuzidisha badala ya kujumlisha. Ukiweka mipaka ya 100 na 50,000 kwa kipimo hicho, visima vyetu vinne vinaangukia takriban 0.22, 0.35, 0.52 na 0.96, na kila kimoja kinapata rangi yake. Kikomo cha juu cha 50,000 kina sababu yake, nacho ni kwamba maji ya bahari yenyewe yana upitishaji umeme wa kiasi hicho, hivyo msomaji ataelewa kwamba nukta ya manjano kamili ni sawa na bahari.

Ama kuhusu kisima kilichopanda chumvi na kushuka rangi, sababu yake ni kwamba kila mwito wa `scatter` hujitafutia kima cha chini na cha juu chake wenyewe. Kiangazi kisima cha ufuoni kimepanda zaidi, kikavuta kipimo chote, na vyengine vyote vikaonekana vimeteremka. Ni sawa na maduka mawili kupima mchele kwa pishi zisizolingana: hesabu ya pishi ni ile ile lakini mchele si ule ule. Tengeneza kipimo kimoja, kisha ukipe michoro yote miwili:

```
from matplotlib.colors import LogNorm

kipimo = LogNorm(vmin=100, vmax=50000)

for ax, msimu in [(a, 'masika'), (b, 'kiangazi')]:
    s = ax.scatter(d['longitudo'], d['latitudo'],
                   c=d[msimu], cmap='viridis', norm=kipimo,
                   edgecolors='black', linewidths=0.4)
    ax.set_title(msimu)

fig.colorbar(s, ax=[a, b], label='Upitishaji umeme, µS/cm')
```

Kwa kuwa kipimo ni kimoja, ukanda mmoja wa rangi unatosha kwa michoro yote miwili, na mtu wa shehia hatalazimika kusoma kanda mbili zinazofanana kwa sura na kutofautiana kwa namba.

Zingatia mambo machache hapa. Usiandike `LogNorm()` tupu ukidhani kwamba itaangalia data zote, kwa sababu itachukua mipaka kutoka kwenye mchoro wa kwanza utakaochorwa na kuishikilia hiyo hadi mwisho. Masika itakuwa imeiamulia kiangazi. Ukishaweka `norm`, usiweke tena `vmin` na `vmax` ndani ya `scatter`, maana programu itakataa. Na kama kwenye jedwali kuna mahali mtu ameandika 0 kwa maana ya "hakikupimwa", kibadilishe kabla ya kuchora, kwani logi ya sifuri haipo.

---

Bi_Takwimu, Wete

Nakubaliana na Fundi katika kila alichokieleza kuhusu kipimo kimoja kwa michoro miwili. Ninapotofautiana naye ni kwenye logi, tena si kwa sababu ya hesabu yake bali kwa sababu ya watakaoitazama. Mpimaji amesema mchoro unakwenda kwenye mkutano wa shehia. Mwanakamati wa maji hatauliza kisima chake kiko kwenye 0.35 au 0.52, atauliza kama maji yanafaa kunywewa, yanafaa kufulia tu, au yaachwe. Rangi inayobadilika kidogo kidogo humlazimisha abuni mpaka kwa jicho lake, na kila mmoja ataubuni wa kwake. Kwa hadhira hiyo napendelea madaraja machache yenye mipaka iliyoandikwa wazi:

```
from matplotlib.colors import BoundaryNorm, ListedColormap

mipaka = [0, 750, 1500, 3000, 50000]
rangi = ListedColormap(['#ffffcc', '#a1dab4',
                        '#41b6c4', '#225ea8'])
madaraja = BoundaryNorm(mipaka, rangi.N)
```

Mipaka hii ni ya mfano. Yako uichukue kutoka kwenye viwango vya maji ambavyo wataalamu wenzako wanavifuata, na uiandike chini ya mchoro. Kama umepima kloridi pia, unayo sehemu moja nzuri ya kuanzia, kwani Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kloridi ikizidi takriban miligramu 250 kwa lita watu huanza kuisikia kwenye ladha ya maji. Jua pia kwamba kisima chenye 1,500 kamili kitaingia daraja la juu, kwa sababu kila daraja linajumuisha mpaka wake wa chini na kuuacha wa juu.

Sasa suala la aina ya chanzo. Programu imekataa `c=d['aina']` kwa kuwa neno "pango" si rangi wala si namba. Ungeweza kumpa kila aina rangi yake kwa kamusi ndogo na `d['aina'].map(...)`, lakini katika mchoro huu nakusihi usifanye hivyo. Rangi tayari imebeba chumvi. Ukiitwika na aina ya chanzo, hakuna atakayeweza kuisoma. Aina ioneshwe kwa umbo la nukta:

```
alama = {'kisima cha mkono': 'o',
         'kisima cha bomba': 's',
         'pango': '^'}

d['aina'] = d['aina'].str.strip().str.lower()

for aina, kundi in d.groupby('aina'):
    s = ax.scatter(kundi['longitudo'], kundi['latitudo'],
                   c=kundi['kiangazi'], cmap=rangi, norm=madaraja,
                   marker=alama[aina], edgecolors='black')
    ax.scatter([], [], marker=alama[aina], facecolors='white',
               edgecolors='black', label=aina)

ax.legend(title='Aina ya chanzo')
```

Mstari wenye `strip` na `lower` msiudharau. Majedwali yanayojazwa na watu tofauti huwa na "Pango", "pango" na "pango " yenye nafasi mwishoni, na kwa kompyuta hayo ni maneno matatu. Ule mwito wa pili wa `scatter` wenye mabano matupu hauchori kisima chochote. Kazi yake ni kuupatia ufunguo alama nyeupe. Bila huo, alama kwenye ufunguo itaazima rangi ya kisima fulani, na msomaji atadhani kwamba mapango yote ni ya buluu.

Angalieni pia kwamba bila `norm=madaraja` ndani ya kitanzi hiki, lile tatizo la mwanzo lingerudi kwa sura nyengine, maana kila aina ingejipangia rangi zake ndani ya mchoro ule ule mmoja.

---

Mpimaji_Maweweni

Nashukuru sana, Bi Takwimu na Fundi. Nimechora yote mawili: logi kwa ajili ya ripoti, madaraja kwa ajili ya shehia, na kile kisima kilichonitatiza sasa kinaonesha kupanda kama jedwali linavyosema.

Yamebaki mawili. Nikihesabu nukta za mchoro wa kiangazi hazifikii idadi ya safu za jedwali; baadhi ya visima havionekani kabisa na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Vilevile mwenzangu anasisitiza tutumie kijani kwa maji mazuri na nyekundu kwa mabaya, kwa hoja kwamba kila mtu anazielewa rangi hizo. Ripoti itachapishwa kwa printa ya wino mweusi, na sina hakika kama hoja yake inasimama hapo.

---

Mchora_Ramani, Chake Chake

Kuhusu visima vilivyopotea, ipo milango miwili ambayo huenda vimetokea, na yote miwili hufunguka kimya kimya.

Mlango wa kwanza ni kipimo kisichokuwepo. Kisima kilichokauka kiangazi au ambacho hamkukifikia kina nafasi tupu kwenye jedwali, na Pandas, maktaba ya Python inayosoma majedwali, huisoma kama `NaN`, yaani "si namba". Kawaida ya `scatter` ni kuiondoa nukta ya namna hiyo pamoja na mahali pake. Kwa mchoro wa maji huu ni upungufu mkubwa, kwa sababu kisima kilichokauka ni habari nzito kuliko kisima chenye chumvi kidogo, nacho ndicho kilichofutwa. Kiamuru kibaki, na kipe rangi ya kijivu ambayo haimo kwenye ramani yako:

```
ramani = plt.get_cmap('viridis').with_extremes(bad='0.7')

s = ax.scatter(d['longitudo'], d['latitudo'], c=d['kiangazi'],
               cmap=ramani, norm=kipimo, plotnonfinite=True,
               edgecolors='black', linewidths=0.4)
```

Bila `plotnonfinite=True` kijivu hakitatokea hata ukikiweka. Ukiweza, tenganisha kwenye jedwali "kimekauka" na "hakikupimwa", kwani nafasi tupu huyachanganya mambo mawili ambayo kwa mwenye kijiji hayafanani hata kidogo.

Mlango wa pili umo kwenye kitanzi cha Bi Takwimu. `groupby` huziacha safu ambazo aina yake haikujazwa. Andika `d['aina'] = d['aina'].fillna('haijulikani')` kabla ya kitanzi, na uongeze `'haijulikani': 'D'` kwenye kamusi ya alama.

Ama kijani na nyekundu, mimi nazipinga kwa sababu mbili. Wapo watu, wanaume zaidi kuliko wanawake, ambao macho yao hayazitenganishi rangi hizo, na katika mkutano hakuna atakayenyanyua mkono kusema hivyo. Halafu kwenye wino mweusi, kijani na nyekundu zenye mwangaza unaolingana hutoka kijivu kimoja.

Matplotlib yenyewe imepitia mjadala huu. Ilipotolewa mara ya kwanza na John D. Hunter mwaka 2003, na kwa miaka mingi baadaye, ramani yake ya kawaida ilikuwa `jet`, yenye rangi zote za upinde wa mvua. Ncha zake mbili, buluu iliyokoza na nyekundu iliyokoza, zote ni za giza, na mwangaza uko katikati; ukiichapisha bila rangi, kisima kitamu kuliko vyote na kisima chenye chumvi kuliko vyote vinafanana. `viridis`, iliyobuniwa na Nathaniel Smith na Stéfan van der Walt pamoja na Eric Firing, ikawa ramani ya kawaida tangu toleo la 2.0 la mwaka 2017. Mwangaza wake hupanda kwa kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho, hivyo hata ikichapishwa kwa wino mweusi mpangilio wa chini na juu haupotei. Rangi nne za Bi Takwimu nazo zinashuka kutoka nyepesi hadi nzito kwa mpangilio, kwa hiyo zitafaa. Lakini kijivu cha visima visivyo na kipimo kitachanganyika na vingine kwenye karatasi isiyo na rangi, na katika nakala hiyo ni bora vichorwe peke yao kwa alama ya `x`.

Nyongeza ndogo: visima vikiwa karibu karibu, nukta inayochorwa baadaye hufunika ya kabla yake. Wengine huweka `alpha`, yaani kiasi cha uwazi wa rangi, ili nukta zionane, nami sipendi, kwa kuwa nukta mbili zikipandana hutoa rangi ya tatu ambayo haimo kwenye ukanda. Afadhali upange jedwali kwanza kwa `d.sort_values('kiangazi')`, ili visima vyenye chumvi nyingi viwe juu, na upunguze ukubwa wa nukta kwa `s=25` au hata chini ya hapo.

---

Fundi_wa_Nukta

Bi Takwimu, hoja yako ya madaraja kwa mkutano wa shehia naipokea. Kwa macho yatakayoitazama ndani ya ukumbi, inafaa kuliko logi.

Mpimaji, kwa kuwa lengo lako ni kuona misimu inavyotofautiana, ningependa uongeze mchoro wa tatu, wa mabadiliko yenyewe. Usitoe kiangazi kwa masika moja kwa moja, maana kupanda kwa 500 ni jambo kubwa kwa kisima cha 400 na si chochote kwa kisima cha 38,000. Tumia uwiano, kisha logi ya msingi wa 2, ambapo 1 ni kuongezeka mara mbili na -1 ni kupungua kwa nusu:

```
from matplotlib.colors import CenteredNorm

badiliko = np.log2(d['kiangazi'] / d['masika'])
ramani2 = plt.get_cmap('BrBG_r').with_extremes(bad='0.7')

s = ax.scatter(d['longitudo'], d['latitudo'], c=badiliko,
               cmap=ramani2, plotnonfinite=True,
               norm=CenteredNorm(vcenter=0, halfrange=2),
               edgecolors='black', linewidths=0.4)

u = fig.colorbar(s, ax=ax, extend='both')
u.set_ticks([-2, -1, 0, 1, 2],
            labels=['robo', 'nusu', 'sawa', 'mara 2', 'mara 4'])
```

Hapa `viridis` haifai, kwa sababu thamani muhimu iko katikati: kisima ambacho hakikubadilika. `BrBG_r` huiweka karibu na nyeupe, ikaenda kahawia kwa visima vilivyopanda chumvi na kijani cha bahari kwa vilivyoshuka. `CenteredNorm` inahakikisha kwamba sifuri inakaa kwenye nyeupe hiyo hata kama visima vingi vimeelemea upande mmoja. Yupo mwenzake, `TwoSlopeNorm`, anayekubali pande mbili zenye urefu tofauti, lakini kwa kazi hii jiepushe naye, kwani kupanda mara 2 na kushuka nusu vinaweza kupewa uzito wa rangi usiolingana. Na nakala ya wino mweusi usiitoe kwa mchoro huu, maana kahawia na kijani chake hugeuka kijivu kile kile. Kama karatasi ya rangi haipatikani, tumia pembetatu ya kuelekea juu, `'^'`, kwa vilivyopanda na ya kuelekea chini, `'v'`, kwa vilivyoshuka.